Namba Haina Ukoo

Walisema sitamaliza wiki. Shangazi yangu wa Kiboriloni aliwaambia wateja wake wa ndizi kwamba mtu anayegeuza uso mbuzi akichinjwa hawezi kushika maiti. Baba mdogo alisema nitarudi kuuza mitumba. Hata hivyo walinikopesha, wao na majirani wawili, nikaenda Afrika Kusini, nikaosha marehemu miaka sita huku nasoma, nikarudi Moshi na stashahada. Kwenye chumba cha uchunguzi wa maiti sikukuta mtu anayeshona kama mimi. Daktari mwenyewe aliwaita wanafunzi waje kuuona mshono wangu.

Utaratibu wa namba niliuleta mimi. Namba mkononi, namba mguuni, na ndugu anayekuja kuchukua mwili asome namba kwenye karatasi yake kabla ya kutaja jina. Huku mlimani jina halitoshi; nusu ya tarafa ni ukoo mmoja, na ubatizo umewapa majina yale yale. "Namba haina ukoo," niliwaambia wenzangu kila asubuhi, mpaka wakawa wananiigiza.

Kutulia sijui. Nikikaa dakika mbili nainuka kukagua jokofu, nikitoka narudi tena.

Jumamosi moja walikuja watu wa Tarakea kumchukua mzee wao aliyefariki kwa ugonjwa. Kaka wa marehemu alinisemesha Kichagga cha Rombo, kile cha mama yangu. Nilifurahi kupita kiasi, maana tangu nirudi watu walidhani nimekisahau. Nikamuuliza marehemu ni wa nani, akataja jina na ukoo, tukaulizana habari za migomba na mvua. Karatasi ilibaki mfukoni mwake. Namba sikuuliza; nilitoa mwili kwa jina tu, ukiwa umefunikwa shuka.

Waliomvisha ni wakwe wawili waliotoka Dar. Mshono wa kifuani walidhani ni wa operesheni, na uso uliokaa kwenye baridi huwachanganya hata watoto wa kuzaa. Wakafunga jeneza, wakaondoka wakiimba.

Saa mbili baadaye nilivuta droo ya mzee wa Shirimatunda, aliyegongwa na pikipiki, ambaye polisi walituomba tumchunguze. Kifua kilikuwa kizima. Mzee wa Shirimatunda nilikuwa nimemshona kwa mikono yangu mwenyewe. Jina moja, ukoo mmoja, na aliyeshonwa alikuwa njiani kwenda kuzikwa kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo wa watu asiowajua.

Nilimpigia simu yule kaka, haikupokelewa. Nikamchukua dereva wa hospitali. Njia nzima miguu yangu ilikuwa ikikanyaga breki zisizokuwepo upande wangu. Tulipofika Tarakea, kaburi lilikuwa tayari kati ya migomba na watu wamejipanga kuaga. Nikamwita yule kaka wa marehemu nyuma ya jiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umesahau nini, mwanangu?"

"Aliye kwenye jeneza si ndugu yako. Nimewapa mwili wa watu wengine. Kosa ni langu."

Alitazama kaburi. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na dereva."

"Si ungekaa kimya tu?"

"Ningekaa kimya, baba, mgeni angelala kwenye kihamba chenu, na ndugu yako angelala Shirimatunda."

Aliwaambia wanakwaya waendelee kuimba, watu wapewe chakula. Tukarudi Moshi na jeneza. Safari hii alitoa karatasi, akasoma namba taratibu, tarakimu moja moja, nami nikamwonyesha mkono wa nduguye. Akaugusa. Kisha akaniambia, "Kichagga chako kizuri. Usikitumie kazini."

Niliandika taarifa ya kosa langu mwenyewe, kabla mtu hajaniandikia. Daktari aliniondoa kwenye kukabidhi miili kwa nusu mwaka, ila hakuniondoa mezani. Nani mwingine angeshona? Lakini Kiboriloni habari ilifika kabla yangu, na ilifika ikiwa imenenepa: nimeuza maiti, nimefukuzwa, fedha za watu zimepotea.

Basi niliwalipa wote wanne walionikopesha kwa siku moja, nyumba kwa nyumba, kwa miguu, ili nionekane. Wa mwisho alikuwa baba mdogo.

"Nasikia ulipoteza maiti," alisema.

"Nilimrudisha."

Akanyoosha kidole. "Haya, weka hapo mezani." Ndivyo watu wengi wanavyotupokea sisi tunaoshika wafu, wasije wakagusa mikono yetu.

Sikuweka. Nilisimama mbele yake nikiwa nimezishika fedha mkononi, mpaka akainuka, akanyoosha mikono yote miwili, akazipokea.