Sehemu ya Pili Iko Nkome

Filamu za kwanza nilizozijua nilizikuta chini ya sahani. Nyumbani kwetu Shinyanga, mama alitandika kurasa za majarida ya zamani kwenye rafu za kabati la vyombo. Kila nilipotumwa kuleta sahani nilikawia, kichwa nimekiinamisha, nikisoma uhakiki wa filamu ambazo sikuwahi kuziona.

"Unaleta sahani au unaifinyanga?" mama aliita kutoka jikoni.

Nyingi ya kurasa hizo ziliandikwa na mtu mmoja. Mara kwa mara mwisho wa makala ulikuwa umekatwa kwa mkasi ili karatasi itoshe rafu, nami nikabaki sijui kama filamu ilikuwa nzuri au mbaya. Nadhani nilianza kutunga hadithi hapo, kwa kujaza sehemu zilizokatwa.

Riwaya yangu ya kwanza ilipotoka, nilisikia kwamba mwandishi yule yuko hai, amestaafu, anaishi Geita. Nilikwenda kumwamkia tu. Nikaishia kuchapa kitabu chake.

Alitaka kukusanya makala zake bora. Kila Jumamosi niliweka kompyuta mezani kwake, yeye akatoa vipande vya karatasi kwenye boksi la sabuni na kunisomea, huku bodaboda zikipita nje ya dirisha. Alikuwa ameandika juu ya wapishi, wanamuziki, mafundi cherehani na wachezaji wa mpira waliozeeka, lakini moyo wake ulikuwa kwenye filamu. Mimi niliuliza zaidi kuliko nilivyochapa. Alizionea wapi? Kwenye vibanda vya video machimboni, alisema: kuta za mabati, mabenchi, jenereta nyuma. Watazamaji wenzake walikuwa wachimbaji waliotoka kazini na vumbi la mawe kwenye nyusi. Je, aliandika wakati filamu ikiendelea? Hapana, maana anayeandika huwa anatazama daftari. Alikuwa na kanuni moja tu: haondoki mpaka jina la mwisho lipite kwenye kioo.

"Wachimbaji walinicheka," alisema. "'Mzee, picha imeisha, au unamtafuta ndugu yako humo?' Nikawaambia namtafuta aliyeshika taa."

Makala aliyotaka ifungue kitabu ilihusu filamu iliyopigwa huku huku kwetu na mwanamke aliyekuwa akiongoza filamu kwa mara ya kwanza. Mchimbaji anashuka kwenye duara, lile shimo refu la dhahabu, na harudi. Mkewe anamngoja juu siku nzima, kisha anawasha tochi na kusimama ukingoni. Hapo filamu inaisha. Mhakiki wangu aliandika: "Mwongozaji ametufikisha mdomoni mwa duara, kisha ameogopa kushuka." Aliipenda sana sentensi hiyo. Hata mimi niliipenda. Niliichapa polepole kama mtu anayekula embe la mwisho.

Lakini nilitaka kuiona filamu yenyewe. Nikamwendea muuza CD za zamani pale sokoni Geita, akachakura kwenye sanduku mpaka akaipata. Ganda lilikuwa la kufunguka mara mbili. Upande mmoja ulikuwa na CD iliyoandikwa Sehemu ya Kwanza. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Nilimpelekea mzee ganda lile. Alivaa miwani, akalisoma, akaivua, akaivaa tena.

"Niliiona machimboni Bugarama," alisema hatimaye. "Mchana. Kulikuwa na gari moja tu la kurudi mjini, na dereva alikuwa anapiga honi. Mwenye kibanda akazima deki yule mke alipowasha tochi. Akatangaza, 'Imeisha, jamani, imeisha!' Nikakimbilia gari."

"Hukungoja majina?"

"Siku hiyo moja."

Baadaye tulikisia kilichotokea: mwenye kibanda alikuwa na sehemu ya kwanza tu, akaogopa wateja wakijua watadai kurudishiwa viingilio. Lakini hilo halikumsaidia mzee. Miaka yote alijivunia kwamba hajawahi kuhukumu filamu ambayo hakuimaliza, na sasa kitabu chake kingefunguka kwa makala ya namna hiyo hiyo. Nilimwambia tuiondoe, hakuna atakayejua.

"Yule mama aliyeiongoza atajua," alisema. "Na mimi sijui kama nilikosea. Labda kweli hakushuka. Itafute."

Haikuwa vigumu. Muuza CD alimfahamu mwongozaji: aliacha filamu zamani, anauza dagaa Nkome, kando ya ziwa.

Tulifika kabla ya saa sita. Tulimkuta ufukweni kati ya vichanja vya dagaa, akiwageuza kwa mikono miwili, mwanamke mnene mwenye kofia ya majani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Mzee akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Akajibu, kisha akamtazama vizuri. Picha ya mzee ilikuwa ikitoka jaridani kila toleo.

"Haa! Mwandishi!" Akajifuta mikono kwenye kanga. "'Ametufikisha mdomoni mwa duara, kisha ameogopa kushuka.' Unaona? Naijua kuliko sala ya jioni."

"Mama, sikuiona sehemu ya pili."

"Hukuiona." Aliokota dagaa aliyeanguka, akamrudisha kichanjani. "Msambazaji aliyekuwa achukue filamu yangu ya pili alinisomea makala yako yote kwenye simu. Akasema, mama, watu hawataki woga. Leo ndiyo unaniambia hukuiona?"

"Ndiyo. Nimekuja kuiona, kama unayo."

Nilidhani atatufukuza. Badala yake alimwita jirani amwangalizie dagaa wasiliwe na ndege, akatutangulia nyumbani.

CD ilikuwa imekwaruzika vibaya. Deki iliimeza, ikakoroma, ikaitema. Mara ya pili vivyo hivyo. Mzee alikaa ukingoni mwa kochi, mikono magotini, kama mtu anayesubiri daktari atoke. Mama akaenda kuchukua dawa ya meno, akaisugua CD kwa kitambaa laini, akaisuuza, akaikausha kwenye kanga. Safari hii picha ikaja.

Mwanzoni ilikuwa giza tupu na sauti ya mtu anayehema. Kisha mwanga wa tochi ukapita juu ya mwamba ulio karibu mno na uso, na kamba ikalia. Kamera ilikuwa inashuka. Haikuwa shimo la kuigiza lililochimbwa uani; niliona magogo yaliyozuia kuta, maji yakidondoka, na mkono uliojishikiza kwenye mwamba.

"Ni nani aliyeshika kamera?" mzee aliuliza.

"Mimi. Mpiga picha alikataa. Alisema ana watoto. Nikamwambia na mimi ninao, watatu."

Mke alimtafuta mumewe chini, na akagundua kwamba hakufa. Alikuwa ameshapanda zamani kupitia duara la jirani, akaenda zake na dhahabu, akimwacha mkewe amlilie juu. Mwisho mke alipanda na kuwahutubia wachimbaji, na hotuba ile ilichukua muda mrefu kweli. Muziki nao uliwafunika wasemaji.

Kisha majina yakaanza kupita. Mama alinyoosha mkono azime. Mzee akaudaka mkono wake.

"Acha."

Tulisoma majina yote. Karibu na mwisho palikuwa na kundi nisilowahi kuliona kwenye filamu nyingine: Washika Kamba. Wanaume sita, wachimbaji waliomshusha mama na kumpandisha. Jina la mwisho kabisa lilikuwa lake.

Kioo kilipokuwa cheusi mzee alisema, "Hotuba ni ndefu mno."

Mama akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka. "Hata mimi najua! Mbona hilo hukuandika?"

"Nitaandika."

Aliniomba kalamu na daftari, akaandika palepale, juu ya goti. Makala ya zamani alikataa iondolewe au ibadilishwe hata nukta. Ndiyo inayofungua kitabu, na chini yake yapo maneno aliyonipa Nkome nichape: "Nilikosea. Alishuka. Aliyeondoka mapema ni mimi."

Mama alipoonyeshwa, alirudisha daftari.

"Na hotuba?" aliuliza. "Weka na hotuba, nisije nikaonekana nimehurumiwa."

Mzee akaiweka.