Stroberi Zilizokataa Kunenepa

Juzi nilibandua kifuniko cha kopo la mtindi hapa chumbani kwangu Namakwekwe, na ile harufu ya stroberi, ya kiwandani kabisa, ikanirudisha Kimaka, kwenye nyumba za wanajeshi nilikokulia. Msinicheke. Pua yangu haijui kubagua.

Katika makazi yale kila mtu alipanda mboga za haraka: mchicha tunaouita dodo, sukuma, vitunguu. Uhamisho ungeweza kuja wakati wowote, na hakuna aliyetaka kumlimia atakayekuja baada yake. Mama yangu ndiye pekee aliyepanda kitu cha polepole. Dada yake mkubwa, anayekaa Wanale, alimpa mbegu laini kama ugoro, akamwambia ni stroberi za milimani. Mengine hata yeye hakuyajua. Mama alizisia kwenye karai bovu, akahamishia miche chini ya dirisha la jikoni, akaitandazia nyasi kavu ili udongo usikauke.

Mimi nikahamia pale dirishani. Niliuliza mbona miche haitambai kama ya viazi, mbona ua ni jeupe na tunda ni jekundu, mbona mbegu zinakaa nje ya tunda badala ya ndani. Mama alijibu alichokijua. Kwa asichokijua, alinituma maji.

Matunda yalitoka, madogo kama ncha ya kidole changu. Yakawa mekundu, yakabaki hivyohivyo. Sisi stroberi tuliijua kwa picha ya kopo la jamu, nene kama yai, kwa hiyo tukasubiri yanenepe. Baba alishauri samadi, mama akaongeza. Mengine yaliliwa na ndege, mengine yakaoza, na bado mama alinikataza kuonja.

Kilichomtia mama hofu ni ukaguzi. Kila Jumamosi ua ulitakiwa ufagiliwe mpaka udongo ubaki mtupu, na nyasi kavu zilihesabiwa takataka. Ijumaa jioni alizikusanya akazificha chini ya kitanda changu. Afande wa ukaguzi akishapita, alizirudisha. Wiki moja alichelewa kuzikusanya, na Jumamosi afande akazikuta pale chini ya dirisha. Aliinama akatazama. Mama alisimama na ufagio wake. Nilijua afande akisema ng'oa, stroberi zitang'olewa, na nilikuwa karibu kulia.

"Mama, hii ni kitu gani?" afande aliuliza.

"Ni stroberi, afande. Bado ndogo."

Alichuma moja akala, akafumba macho. Akachuma nyingine akanipa mimi. Harufu ilinijaa puani hata kabla sijatafuna.

"Hii iliiva zamani," alisema. "Iko hivi tu, haiwezi kuwa kubwa. Sasa munangoja nini?"

Afande akaenda nyumba ya pili bila kutaja nyasi.

Jioni ile mama alivuta sanduku la bati lililofungwa kamba tangu tuhamie, akatoa vikombe vya harusi yake na mapazia ambayo sikujua kama tunayo. Nilidhani tunapata wageni. Leo, nikiwa na umri unaokaribia wake wa wakati ule, naelewa kwamba miaka yote ya kuhamahama mama alikuwa akingoja tufike kwanza mahali pa kukaa, ndipo aanze kuishi. Vikombe tulivitumia kila siku hadi uhamisho ulipokuja. Kimoja nilikivunja wiki ileile, na mama hakunigombeza hata kidogo.