Kiungo wa Kwenye Simu

Mpwa wa mume wangu alikuwa mchezaji wa kulipwa kule Ufaransa, na sisi tuliokuwa tukimfuata kutoka kwenye ghorofa letu la Scarborough hatukuwahi kumwona akicheza hata mara moja. Tulimsikia tu. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, na televisheni ya Toronto haikuwa na habari na daraja la pili la Wafaransa. Kila alipomaliza mechi alipiga simu. Kwao usiku umeshaingia, kwetu bado mchana, na mume wangu amekaa kwenye stuli kando ya simu, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, kwa sababu wiki nzima alikuwa akisimama kwenye kiwanda cha mikate.

Mimi nilisikia upande mmoja wa mazungumzo.

"Ulitazama nyuma kabla mpira haujakufikia?"

Kimya.

"Kila mara?"

Kimya.

"Usinidanganye, mimi ni mjomba wako. Nasikia kwenye sauti."

Alinieleza maana yake siku moja nikikunja nguo. Yule wa katikati, anayeitwa kiungo, hupokea mpira huku watu wamemzunguka. Asipogeuza shingo mapema akaona nani yuko mgongoni, anapokea kama kipofu. Mume wangu alicheza namba hiyo Tanga alipokuwa kijana, timu ya mtaani, mpaka goti likamtoa. Dada yake, yaani wifi yangu, aliolewa na Mngazija mpishi wa meli, wakahamia Marseille, na huko ndiko kijana alikozaliwa. Mfaransa kwa pasipoti, na kwa kuchagua chakula pia, kama mama yake alivyozoea kulalamika.

Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni. Njoo, kula, acha, lala, funga mlango. Kiingereza hakukijua, nasi Kifaransa hatukukijua, kwa hiyo tulikutana naye kwenye hayo maneno machache, pamoja na ya mpira aliyofundishwa na mjomba wake. Mimi kwake ni mkazamjomba, lakini neno hilo lilimshinda, akaniita tata, kama Wafaransa wanavyowaita shangazi zao. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Amekupatia hasa," akasema. "Wewe ni tata kweli."

Klabu yake ilimchukua akiwa bado mdogo, ikamweka bwenini katika mji wa kaskazini wenye mvua. Alipopewa mkataba wa kwanza mume wangu alinunua halua akaigawa msikitini, akimweleza kila mtu, hata wasiouliza. Baada ya hapo kijana akakaa benchi karibu msimu mzima. Alikuwa akipiga simu na kusema neno moja tu: "Nimekaa." Na mjomba wake akimjibu, "Benchi nalo kazi. Ukikaa, mtazame kiungo wao. Anageukia upande gani? Wiki ijayo unijibu." Taratibu akaanza kuingizwa dakika za mwisho, kisha kipindi kizima, kisha tukaanza kusikia, "Leo nimecheza yote."

Wifi yangu alituletea kaseti ya video kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Tukaiweka kwenye mashine, ikaja sauti, picha haikuja. Kumbe kaseti za kule na mashine za huku hazielewani. Skrini ilikuwa mistari ya kijivu inayopanda, na nyuma yake watu wanapiga kelele na mtangazaji anazungumza Kifaransa kwa haraka. Mume wangu aliitazama ile mistari mpaka mwisho. Kila mara jina la mpwa wake lilipotajwa alinyoosha kidole kwenye skrini, kana kwamba ndiye huyo anayepita. Alisema ataipeleka dukani ikabadilishwe. Hakuipeleka. Ninayo bado.

Nilikuwa nimechoka miaka ile, nasema hivyo bila kumlaumu mtu. Nilifua mashuka ya wazee katika nyumba ya kulelea, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na Jumamosi nilitaka nyumba iwe kimya. Haikuwa kimya. Lakini mume wangu hakuwa na furaha nyingine Kanada, na hiyo moja ilikuja kwa simu.

Alifariki majira ya kuchipua, Jumanne asubuhi, akivaa viatu aende kazini. Kiatu kimoja alikuwa ameshakifunga kamba. Tulimzika kesho yake.

Wifi yangu hakuweza kuwahi. Alipiga simu kutoka Marseille, tukalia pamoja, kisha sauti yake ikawa nyingine.

"Wifi, nakuomba kitu. Mwanangu asijue mpaka Jumamosi ipite."

Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Wakishinda wanapanda daraja la kwanza, na kijana anaongezewa mkataba. Wasiposhinda, klabu ilikuwa imeshamwambia haina nafasi yake. Mpaka hapo miaka yake yote ya mpira ilikuwa imefika kwenye mechi hiyo.

"Na akipiga?" nikamuuliza.

"Hapigi kabla ya mechi. Hupiga baada."

Ilikuwa kweli. Na kwetu si jambo geni. Mtu aliye safarini au kwenye mtihani huachwa kwanza amalize, ndipo wakubwa wakae naye wamwambie. Sikubisha. Nilikaa chumbani kwangu eda, nguo nyeupe, kinamama wakisoma na kupika kwa zamu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja kutoka Brampton akalala sebuleni, na akajipa kazi ya kulinda simu.

"Akipiga nitasema mimi," akatutangazia. "Nitamwambia kaka amelala. Kwani uongo?"

Mama mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Mimi sitaweza kusema hivyo," nikasema.

"Nani amekuambia wewe useme? Wewe umo edani. Kaa."

Ijumaa mchana msimamizi wa jengo aligonga mlango kutuambia magari ya wageni yaliyozidi yatavutwa. Shemeji akanyakua funguo akashuka mbio. Lifti yetu ilikuwa ya kusubiriwa sana. Simu ikalia akiwa bado huko chini. Waya wake ulifika mpaka chumbani, na kinamama walikuwa wameisogeza karibu na godoro langu ili nipokee pole za watu wa mbali. Nikapokea nikidhani ni pole.

"Tata! Mjomba yupo?"

Lile neno la shemeji lilinifika mdomoni. Lilikuwa jepesi kabisa. Lakini nilikuwa nimemwona mume wangu ndani ya sanda, na sikuweza kusema amelala.

"Hatunaye, mwanangu."

"Okei. Anarudi saa ngapi?"

"Harudi. Mjomba wako ametangulia."

"Ametangulia wapi? Kazini?"

"Mbele ya haki."

Akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye haya. "Tata, unajua Kiswahili yangu kidogo. Mbele ya nini?"

"Amefariki."

"Hiyo sijui. Mwambie tu kesho nacheza toka mwanzo. Mwambie nina woga kidogo. Mwambie nitatazama nyuma, kila mara."

Kinamama walikuwa wameacha kusoma. Mmoja alinitikisia kichwa: acha, iweke simu chini. Na ningeweza. Nilikuwa nimesema kweli, tena na tena, kwa maneno ya heshima ambayo mtu yeyote wa kwetu akiyasikia angeshaanza kulia. Kijana hakuelewa, angelala vizuri, angecheza. Wifi yangu angepata alichoomba, nami nisingekuwa nimedanganya. Sijui wengine wangefanyaje. Mimi nilichofikiria ni kwamba amenipa salamu nipeleke. Ningezipeleka wapi?

"Amekufa," nikamwambia.

Neno hilo hatulisemi kwa mtu tunayemheshimu. Tunalisema kwa kuku, kwa betri. Yeye alilijua kwa njia hiyohiyo, maana mama yake husema gari limekufa.

Nilisikia anavuta pumzi. "Lini?"

"Jumanne."

"Mama anajua?"

"Anajua."

Simu ikakatika. Shemeji aliingia na funguo mkononi, anahema.

"Nani huyo?"

"Mpwa wako."

"Umemwambia amelala?"

"Nimemwambia amekufa."

Akakaa sakafuni na viatu vyake, ndani ya chumba cha mfiwa, mtu ambaye siku zote ni mtaratibu. "Shemeji," akasema, "umemkata miguu mtoto wa watu."

Yaliyofuata nayaandika hapa ili niyamalize. Klabu ilimwacha. Alipata timu ya daraja la chini kusini, akacheza kidogo, akaumia kifundo cha mguu, akapona nusu. Timu nyingine, ndogo zaidi. Halafu akaacha, akaanza kuendesha gari la kupeleka vinywaji madukani. Kwenye mpira wa kulipwa aliingia kijana, na alipotoka alikuwa bado kijana. Wifi yangu hakuzungumza nami kwa muda mrefu, na tulipozungumza tena ilikuwa juu ya hali ya hewa na afya. Iwapo wangeshinda kama nisingesema, sijui. Iwapo wangefungwa vilevile hata kama ningesema amelala, sijui pia. Nilimuuliza kijana mwenyewe miaka baadaye. Alisema, "Tata, nilicheza vibaya," na mimi sikumbana aongeze.

Jumamosi ile ya mechi hakuna mwingine aliyeigusa simu. Shemeji alikaa nayo mapajani, waya umenyooka katikati ya sebule, watu wanauruka wakipita na sahani. Ilipolia aliitazama, kisha akaniletea.

"Tata."

"Naam, mwanangu."

"Tumefungwa. Kocha amenitoa."

"Pole. Pole sana."

Nilisubiri aage. Hakuaga. Nyuma yake kulikuwa na milango inafungwa na watu wanazungumza kwa sauti za chini. Alikuwa anapumua tu kwenye simu, na nikaelewa kwamba anasubiri swali la mjomba wake. Nililijua. Nilikuwa nimelisikia miaka yote ile nikikunja nguo, ningeweza kulisema kwa sauti ya mwenyewe, na mahali pale pale pa kunyamaza. Nikalifungulia mdomo, likakataa kutoka. Halikuwa langu.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Kale, mwanangu. Ukimaliza nipigie."

Akasema ndiyo. Nikamrudishia shemeji simu, naye safari hii akaiweka pale karibu na godoro.