Sista wa chekechea alivyomfanya mwanangu yatima, na sisi wazazi tuko hai

Wakuu, salamu kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kabla hamjanisalimia.

Nimepita kwenye ule uzi wa dada wa Mafiga anayeuliza mtoto wa miaka mitano anafundishwa nini hasa chekechea. Nimesoma majibu yenu, nimecheka kwa dharau. Eti kuhesabu, usafi, nyimbo, mazingira, "kuhusiana na jamii". Mnaandika utadhani mmevumbua nyinyi.

Mimi hayo niliyaona zama za Mdachi, hukuhuku Uluguru.

Ndiyo, nimeshakufa siku nyingi. Anayetaka kujua marehemu anapata wapi bando apite tu, uzi haumhusu. Maneno ya kisasa nimeyaokota kwa kuwasikiliza vitukuu vyangu. Ila haya yalinitokea mimi mwenyewe, hakuna chai humu.

Turudi kwenye mada.

Kijiji chetu kilikuwa juu kidogo ya Mkuyuni, jirani na misheni moja ambayo jina lake nalihifadhi. Tulikuwa tumebatizwa, tunalima mahindi na maharage kwenye shamba la ukoo wa mama yangu.

Siku moja baada ya misa Padri akatangaza kwamba kuna Sista mpya katoka Ulaya, atafungua darasa la watoto wadogo, wale ambao mpini wa jembe bado unawazidi urefu. Mwanangu Felista akaingia. Nikasema sawa, angalau nitapalilia bila kuulizwa maswali.

Sasa sikieni hiyo syllabus.

Hesabu. Sista anapanga vijiwe mezani, watoto wanaimba moja mpaka kumi. Felista huyu alikuwa anahesabu vifaranga wa bibi yake kila jioni, kikipungua kimoja anakujulisha ni yule mwenye doa. Akarudishwa kwenye vijiwe.

Usafi. Watoto wote wananawa kwenye beseni moja, maji yaleyale, wa mwisho ananawa tope. Na mto unapita hapo nyuma ya darasa.

Nyimbo. Wakafundishwa wimbo wa Kidachi kuhusu theluji. Theluji, wakuu! Wanachezesha vidole kuonyesha inavyodondoka. Nikamuuliza Felista hicho ni kitu gani, akaniambia ni unga wa Mungu. Nikaangalia juu siku kadhaa, sikuona hata wa uji.

Halafu kulikuwa na somo la kukaa kimya mikono imekunjwa kifuani. Hilo sijui huko kwenu linaitwaje, ila Sista alilipenda kuliko yote.

Nilidharau, lakini nikanyamaza. Hakuna aliyeumia.

Ndipo tukafika kwenye hiyo "kuhusiana na jamii" yenu.

Sista alitundika picha kubwa ukutani. Baba kakaa kwenye kiti, mama kasimama nyuma yake, watoto wako mbele. Hiyo ndiyo familia, basi. Akaanza kuwauliza watoto mmoja mmoja.

Nyumbani kwenu mkubwa ni nani? Felista akajibu, mjomba. Nyumba kajenga nani? Mjomba. Shamba la nani? La bibi na mjomba. Baba yuko wapi? Yuko kwao.

Kwa wageni wa mlima: kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Ardhi inapitia kwa mama, na mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba, kaka wa mama. Baba anapendwa na anaheshimiwa, ila yeye naye ni mjomba wa watoto wengine huko kwao. Wiki ile mume wangu alikuwa upande wa pili wa mlima, anawaezekea dada zake nyumba.

Kwa hiyo mtoto alijibu sawasawa. Kwetu angepewa ndizi.

Sista akatokwa na machozi. Akasema maskini, huyu hana baba.

Hakuuliza mtu mzima hata mmoja. Jumapili ikatangazwa kanisani kwamba mayatima watapelekwa kwenye nyumba yao ya kulelea huko Pwani, na msafara wa wapagazi utakaoshuka karibuni. Jina la Felista likatajwa. Na mimi mama yake nimekaa pale pale, nanyonyesha mdogo wake!

Mtakaoandika "si ungekataa tu", hamjawahi kuona kiboko cha askari wa boma. Misheni ikisema neno, akida analibeba, na boma la Morogoro linalimaliza. Niliogopa, sitaficha. Watoto waliopelekwa Pwani sikumwona hata mmoja aliyerudi akiwa bado mtoto.

Kaka yangu Damiani, ndiye huyo mjomba, akaenda misheni kama desturi inavyotaka. Akasema, "Mama Sista, mimi ndiye mwenye mtoto."

"Wewe baba yake?"

"Hapana. Mimi mjomba."

Sista akamwambia amlete baba, kama yupo.

Tukamwita mume wangu, akaja mbio na nyasi za kuezekea bado ziko kichwani. Sista akamuuliza mbele yetu wote, "Huyu mtoto ni wako?"

Wakuu, mume wangu alikuwa mtu wa adabu. Kwetu mwanamume anayedai mtoto mbele ya kaka wa mke wake ni mtu asiyefundwa. Akainamisha kichwa, akasema kwa heshima zote, "Ni wa shemeji yangu huyu, Mama Sista."

Nilitamani kumziba mdomo kwa kanga.

Sista akaona mwanamume anamkana mwanawe mchana kweupe. Akamshika Felista mkono, akasema msafara unaondoka kesho kutwa. Mwanangu aliruhusiwa kurudi nyumbani kuaga.

Kuaga! Mtoto anaagwa na ukoo mzima kwa sababu ya picha ya ukutani.

Tulipofika nyumbani niliwaambia wanaume wangu, "Anataka ile picha. Tumpeni picha yake."

Kaka yangu aliegemeza jembe lake ukutani. Kisha akasema, "Basi mimi niondoeni."

Tukamfundisha Felista upya. Mkubwa wa nyumba? Baba. Shamba? La baba. Na yule mwenye jembe? Mgeni, anatusaidia kulima. Alishika yote upesi. Mnaomsifia mtoto kwa kushika upesi, endeleeni kusifia.

Kesho yake tukaazima kiti kwa katekista, tukamwita Sista nyumbani. Mume wangu akakaa akiwa kama kakalia siafu. Mimi nikasimama nyuma. Felista mbele, mikono kifuani. Akajibu yote bila kukosea.

Sista akapiga makofi kwa furaha. Akasema darasa lake limeibadilisha nyumba hii. Akiwa anaondoka alimkuta kaka yangu ukingoni mwa shamba, shamba la mama yetu, akamuasa amtumikie bwana wake kwa uaminifu. Kaka yangu akaitikia, "Ndiyo, Mama Sista."

Msafara ukashuka bila Felista. Nilicheza ngoma peke yangu jikoni.

Mvua za kupandia zikaja. Kwetu mjomba humkatia mtoto wa dada yake kipande kidogo cha shamba, apande maharage yake, ajue hapa ni kwao. Kaka yangu akaja na mbegu mkononi.

"Mama, njoo nikuonyeshe shamba lako." Hivyo ndivyo alivyozoea kumwita Felista, mama.

Felista akakunja mikono kifuani. "Shamba ni la baba. Wewe mgeni."

Mume wangu akatazama pembeni. Mimi nikamfokea mtoto, nikamwambia yale yalikuwa ya Sista tu, yameisha. Akanishangaa. Alipigiwa makofi kwa majibu hayohayo, sasa kosa lake liko wapi?

Kaka yangu hakukasirika. Aliziweka mbegu juu ya jiwe, akaondoka. Aliendelea kututunza mpaka alipozeeka, lakini kuanzia siku ile, kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akawa anasimama nje na kupiga hodi.

Nilichojifunza: masomo yote ya chekechea mtoto anaweza kuyasahau, hata theluji Felista aliisahau. Lile la nani ni wako na nani si wako halitoki. Nyinyi mnakagua kama mwanao anajua kuhesabu mpaka mia, halafu hamjui kwenye mchoro wake wa familia amechora watu gani.

Mnaotaka kunibishia, uwanja ni wenu, matusi pia nayasoma. Ila kabla hujaandika, muulize mwanao mjomba wake anaitwa nani.