Msimu niliokimbiza baiskeli yenye tairi la nyasi, Karatu mpaka Ngorongoro

Sogezeni viti wakuu. Wewe unayepitia simu huku unakula, kaa kabisa. Na nyie vijana wa kaptula za kubana mnaopandisha milima yetu na helmeti kichwani, nyie hasa ndo nawatafuta.

Ninayosema hapa ni kweli tupu. Pale nitakapoongeza chumvi mtaijua wenyewe, maana chumvi yangu mimi ni ya mawe.

Mnisamehe na herufi. Shule niliionea dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa limefungwa.

Juzi nimekaa zangu barabarani Karatu, kikapita kikundi cha mountain bike. Kijana mmoja akasimama kunywa maji, akaniambia, "Babu, season hii imenitesa. Gia imenisumbua."

Gia! Nikacheka mpaka meno yangu mawili yaliyobaki yakagongana.

Haya, ngoja niwape season yangu mimi.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, ile enzi duka la kijiji limebaki na viberiti na mwenye duka. Sabuni hakuna. Tairi hakuna. Tyubu ndo usiseme, ukimwona mtu ana tyubu mpya unamsalimia kwa heshima.

Baiskeli niliyokuwa nayo haikuwa yangu. Ilikuwa ya mjomba Bura, kaka wa mama yangu, ndo alinilea. Chuma nyeusi, namba ishirini na nane, haina gia hata ya dawa. Ilikuwa nzito, wakuu, ukiiegemeza kwenye mti basi mti ndo unaiegemea.

Kazi yake ilikuwa kubeba mahindi kwenda mashineni. Mimi nikaipeleka kwenye mashindano.

Siku hizo kiangazi kikiingia, mavuno yameshaingia ghalani, vijana tunashindana. Hakuna sponsa, hakuna kochi. Mtu anapiga filimbi mnaondoka.

Mimi nilikuwa na wazimu wa ile baiskeli. Nikilala naiota, nikiamka naifuta vumbi kabla sijafuta macho yangu.

Sasa mjomba akachoka. Magunia yanangoja, mimi niko barabarani natoa ulimi. Siku moja akaniita mbele ya zizi.

"Mpwa, nakupa kiangazi hiki kimoja. Mashindano ni matatu. Siku moja tu nikuone unarudi na kitu cha maana kwenye keria. Keria ikirudi tupu mara zote tatu, baiskeli inarudi kwenye magunia, na wewe unarudi kwa mbuzi."

Nikamwambia, "Mjomba, utakosa pa kuweka zawadi."

"Pa kuweka papo. Zawadi ndo sijaiona."

Basi. Roho yangu yote ikawa kwenye ile keria.

Shindano la kwanza lilikuwa Karatu kwenda Endamarariek na kurudi. Zawadi mche wa sabuni. Msicheke, mche wa sabuni wakati ule ungeweza kukuozesha mke.

Niliondoka kama nimetumwa na radi. Vumbi nililotimua, nasikia mpaka leo halijatua.

Nyuma yangu alikuwa Sulle. Huyu mumjue vizuri. Jirani yetu, mrefu, miguu kama ya korongo, na mdomo haupumziki. Akawa anapiga kelele, "We mtoto wa mashine ya kusaga! Unga wako umesahau!"

Mimi nikakanyaga tu, nilikuwa naongoza.

Shida ni kwamba breki sikuwa nayo. Breki yangu ilikuwa kisigino, nimevaa katambuga, vile viatu vya matairi, unakandamiza kwenye tairi la mbele mpaka linanuka. Kufika Endamarariek pa kugeuzia, nakandamiza, katambuga imeisha. Nimebaki na kisigino cha Mungu.

Nikapita pa kugeuzia. Nikawapita waamuzi. Nikapita shamba la mbaazi, nikapita boma la mtu wanakula, nikawakaribisha waendelee kula.

Nilivyorudi Karatu, mshindi alishaoga na ile sabuni.

Mjomba akaangalia keria. Akaenda kuangalia mbuzi, halafu akaniangalia mimi.

Shindano la pili, Karatu mpaka getini Ngorongoro. Hapo ni mlima, wakuu. Na ukiingia msituni kuna ukungu na tope jekundu, na baridi ya kule ukitema mate yanagonga chini yanalia ko!

Kwenye kona moja wamesimama nyati wawili. Mmoja akaniangalia, akamwangalia mwenzake, kama anasema hata sisi hapa hatupandi bila sababu.

Lakini mlima ndo ulikuwa mlima wangu. Mtu aliyezoea kupandisha na magunia mawili, ukimtolea magunia anapaa. Nikafika wa pili. Sulle wa nne, tena akatapika.

Zawadi ya wa pili ilikuwa jogoo. Jogoo mkubwa, mkia kama bendera. Nikamfunga kwenye keria nikiimba. Nimeokoka!

Sasa si lazima kushuka?

Ule mteremko, na breki yangu mnaijua. Upepo ulinitoa machozi, ukanitoa kofia. Nyuma nasikia tu prrr, prrr, nikadhani jogoo anashangilia.

Kufika nyumbani mjomba yuko mlangoni. Nageuka nimtoe jogoo, hana hata unyoya mmoja. Yuko hai, amesimama, anatetemeka, amebaki na kilemba tu.

Mjomba akamzunguka.

"Mpwa, hii ni nini?"

"Jogoo, mjomba. Nimekuwa wa pili."

"Mimi nimesema zawadi. Huyu ni mgonjwa. Mfunike asipate kichomi."

Hakumhesabu! Shangazi, mke wa mjomba, akamtetea, akasema si kosa la mtoto ni upepo. Mjomba akagoma. Likabaki shindano moja.

Hilo la tatu ndo lilikuwa kubwa. Kutoka getini, mnafuata njia ya juu ya kreta mpaka kwenye mnada wa wafugaji. Zawadi mtamba. Mtamba, wakuu! Ng'ombe jike mzima mwenye miguu minne! Alimtoa mzee mmoja wa Kimasai anaitwa Lekishon, mzee anayeheshimika, mwenye ng'ombe wengi kuliko mawe ya Ngorongoro.

Siku mbili tatu kabla, tyubu yangu ya mbele ikapasuka. Haizibiki. Viraka vilikuwa vingi kuliko tyubu yenyewe.

Wale wa zamani mnajua tulichokuwa tunafanya. Unajaza nyasi. Unashindilia ndani ya tairi mpaka linakuwa gumu kama goti. Na mimi tairi lenyewe lilikuwa na mpasuko ubavuni, nikaushona kwa katani.

Nyasi nilizichota kwenye hori la ng'ombe wa mjomba. Zilikuwa nzuri, laini, na mjomba alikuwa amezinyunyizia magadi.

Hapo kwenye magadi mpashike. Mfugaji yeyote humu ameshaanza kucheka.

Filimbi ikalia. Lile tairi la nyasi halina habari ya mwiba wala jiwe! Wenzangu wanapata pancha kushoto na kulia, mimi naenda tu, kshh kshh kshh, kama ng'ombe anatafuna. Sulle pekee ndo alinifuata, na safari hii hata mdomo aliufunga.

Nikaona vumbi la mnada. Nikaona mashuka mekundu. Nikaona kamba ya finish, na pembeni yake mtamba mweupe amefungwa. Sulle yuko nyuma huko kama inzi. Nikaanza kumpangia yule mtamba jina.

Hatua chache kabla ya kamba, kando ya njia, amesimama mzee Lekishon mwenyewe.

Sasa wakuu, nyie wa mjini hamtanielewa. Mimi nimekua na watoto wa wafugaji, tumechunga pamoja. Kule kijana hampiti mzee hivi hivi. Unasimama, unainamisha kichwa, anakigusa utosini, anakuuliza habari. Mkono wake haujaondoka, na wewe hunyanyuki. Hiyo imeingia kwenye damu, haiulizi kama uko kwenye mashindano.

Mguu wenyewe ukashuka. Kichwa chenyewe kikainama.

Mzee akanigusa utosini. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Mjomba wako? Ng'ombe wake? Mvua kwenu?"

Nimeinama hivyo, naangalia vidole vya miguu yangu, nikasikia fyuuu! Sulle huyo. Amekata kamba.

Watu wakapiga yowe. Mzee akaendelea, "Na mbuzi je?"

Wakuu, niliwajibia mbuzi wote. Machozi yanadondoka, mzee akadhani ni vumbi.

Sulle akakabidhiwa kamba ya mtamba. Akainua mikono miwili juu, akaanza kurukaruka. Kwa kuinua mikono, kamba akaiachia.

Mtamba akanusa upepo. Magadi, chumvi wanayoililia ng'ombe! Akaja mzima mzima mpaka kwenye baiskeli yangu, akatia ulimi kwenye ule mpasuko, akavuta. Katani ikakatika, nyasi zikatoka kama utumbo. Nikamvuta mkia, wapi! Alivyomaliza nyasi akatafuna na tairi lenyewe, akalitema limekuwa kamba.

Mnada wote umelala chini kwa kicheko. Mimi nimekaa na rimu. Sina mtamba, sina tairi, na kule nyumbani mbuzi wananingoja.

Mzee Lekishon hakucheka. Akachomeka fimbo chini.

"Huyu ng'ombe ni wa nani?"

Sulle akajigonga kifua. "Wangu, mzee!"

"Tangu lini?"

"Tangu nimekata kamba!"

"Vizuri. Hapa kwetu ng'ombe akila mali ya mtu, mwenye ng'ombe analipa. Mlipe kijana tairi lake."

Sulle akaruka. "Mzee, huyu nimempata sasa hivi! Hata jina sijampa!"

"Jina baadaye. Tairi kwanza."

Na tairi litatoka wapi, Tanzania yote haina? Wazee wakanong'ona, kesi ikaisha. Sulle akafungua gurudumu lake la mbele, zima, na tyubu yake yenye upepo, akanifungia mimi. Alikuwa analifungua kama anang'oa jino lake mwenyewe.

Halafu akauliza, "Sasa mzee, mimi nitarudije nyumbani?"

"Una ng'ombe. Mpande."

Tukalala pale kwa mzee. Asubuhi baiskeli ya Sulle ikabaki hapohapo, na mimi ningeweza kuondoka zangu. Lakini jirani ni jirani, na ule msitu una nyati. Nikamwambia, "Panda nyuma, korongo wewe."

Tukateremka polepole, miguu yake inaburuza chini, hiyo ndo ikawa breki yangu. Breki bora niliyowahi kuwa nayo. Mkononi ameshika kamba, mtamba anatufuata nyuma, bado ananusa ile rimu yangu tupu aliyoivaa Sulle begani.

Nisiwachoshe. Nilichojifunza ni kwamba heshima inaweza kukukosesha ushindi siku hiyohiyo, lakini gurudumu lake linakurudisha nyumbani. Na usijaze tairi nyasi za hori, tafuta za porini ambazo hazijaona magadi.

Wenye visa vya baiskeli za chuma vimwageni hapa chini. Na wafugaji mniambie, ile hukumu mzee alikata sawa au alimwonea Sulle? Mimi hata sijui mpaka leo.

Basi tumeingia nyumbani jioni. Mjomba Bura amekaa mbele ya zizi, shangazi yuko pembeni, na yule jogoo amevalishwa kipande cha blanketi. Nimesimamisha baiskeli. Mjomba hakuangalia uso wangu, aliangalia keria. Akamwona Sulle amejikunja pale. Akafuata kamba kwa macho mpaka kwa mtamba. Akarudi kwa Sulle. Mdomo ukaanza kumchezacheza, akajizuia, ikashindikana:

"Mke wangu, njoo uone! Nilimtuma zawadi, kaniletea mshindi mwenyewe! Mwacheni na baiskeli yake, huyu nikimnyang'anya atanibebea na waamuzi!"