Uzi Mwekundu wa Mpishi Wetu

Tuliishi nyuma ya duka la baba, mjini Embu. Siku za ibada yetu ya Kihindu ya mwezi mpevu, harufu ya samli na mlio wa kengele vilivuka ua hadi barabarani, na miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na watu wa msituni, hilo lilitosha kuwafanya wapita njia wageuze shingo. Baba alimwomba mama apige kengele polepole. Mama, ambaye sisi watoto tulimwita Ba, alisema Mungu hanong'onezwi.

Ibada ilipokwisha, Ba alimfunga kila mmoja wetu uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, wanaume kulia, wanawake kushoto. Mwaka ule alimwita na mpishi wetu.

"Wewe nakula hapa," alimwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Mungu nalinda wewe pia."

Mpishi akanyoosha mkono. Baba akakohoa na kutoka nje.

Mpishi alikuwa mtu wa kutoka Kibugu, mrefu, mwenye maneno machache. Mkewe alikuwa ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, na kila siku wanawake wa huko walipelekwa kuchimba handaki jingine kando ya msitu. Alikwenda kumwona alipopewa ruhusa tu. Kila aliporudi, baba alifungua mikebe jikoni na kuchungulia ndani.

"Unga wa dengu umepungua," alisema siku moja mezani, kwa Kigujarati, wakati mpishi anatuletea chapati. "Huyu anawalisha watu wa msituni."

"Umepungua kwa sababu unaliwa," Ba alijibu.

Siku chache baada ya ibada, homugadi, walinzi wenyeji wa serikali, waliingia uani asubuhi. Mpishi alikuwa anasukuma chapati. Mmoja akamshika mkono, akauona uzi.

"Hiki ni nini?"

"Nilifungwa na mama wa hapa."

Wakacheka. Watu walisema waliokula kiapo cha msituni hufungwa ukanda wa ngozi ya mbuzi mkononi, na kwao uzi wetu ulikuwa ndugu ya ukanda huo. Wakamchukua mikono yake ikiwa bado na unga.

Ba alijua mara moja nani wa kulaumiwa. Jirani yetu alikuwa bwana mmoja Mwislamu, muuza nyama, na baina ya ua wetu na wake palikuwa na mabati yenye tundu. Juzi yake tu alikuwa amemuuliza mpishi habari za ule uzi. Ba hakuwahi kuipenda harufu ya kwake. Akaziba tundu kwa tambara na kutukataza kumsalimu.

Baba alisema tungoje, serikali ina kazi yake. Ba alingoja siku mbili. Siku ya tatu alivaa viatu, akapanga kwenye sinia kengele, unga mwekundu wa sinduri na kidonge cha uzi, akanichukua niwe mdomo wake. Nilikuwa na miaka tisa na Kiswahili nilikijua vizuri, kwa kucheza dukani.

Tulipofika kituoni, mtu wa kwanza tuliyemwona alikuwa muuza nyama. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia yake gotini.

"Nimekuja kwa ajili ya mpishi wenu," alisema. "Nimewaambia huu uzi naujua, kila mwaka nawaona mkiufunga."

Ba alivuta sari usoni.

Ofisa alikuwa Mzungu kijana, pua imebabuka kwa jua. Ba aliweka sinia juu ya meza yake, kisha akauinua mkono wangu na kumwonyesha uzi wangu.

"Hii ya Mungu," alisema. Mengine aliyasema kwa Kigujarati nami nikayatafsiri: kwamba kiapo cha msituni ni cha nyama ya mbuzi, na nyumbani kwetu hata yai haliingii.

Ofisa alikigeuzageuza kile kidonge cha uzi, akakinusa.

"Haya, uzi nimefahamu. Lakini mume wako alisema chakula kinapotea. Alisema uongo?"

Nilitaka kutafsiri vingine, lakini Ba alikuwa ameshaelewa.

"Mume yangu?"

"Mwenye duka. Alikuja hapa mwenyewe."

Ba alirudisha kidonge kwenye sinia taratibu.

"Chakula yangu," alisema. "Mimi natoa. Hapana potea."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli.

Mpishi aliachiliwa jioni ile, mdomo umevimba. Ba alilitoa tambara kwenye mabati, na kesho yake nikapeleka bakuli la halua ya samli kwa jirani.

Mezani baba aliitazama chapati yake kwa muda.

"Nani amepika?"

"Yule uliyempeleka kituoni," Ba alisema.

Desturi yetu ilikuwa mwanamume ale kwanza, mke ale baadaye. Tangu siku ile desturi ikageuka. Baba alinusa dengu kama anayetafuta sumu, akangoja. Ba alichovya tonge mbele ya macho yake, akatafuna, akameza, na hapo ndipo baba alipoanza kula. Mimi nami nilianza kuwachunguza wote: mpishi anapokoroga, baba anapopanga mikebe, Ba anapofunga kitu kwenye kitambaa mchana.

Masharti ya Hali ya Hatari yalipolegezwa na watu kuanza kurudi mashambani kwao, mpishi alikuja kuaga. Ba alimuuliza, akinitumia mimi, kama alijua nani alimshtaki.

"Nilijua, mama. Waliniambia siku ya kwanza."

"Kwa nini wewe narudi kwetu?" Ba aliuliza mwenyewe.

"Pasi yangu ya kukaa mjini ilisema nafanya kazi hapa. Bila kazi wangenirudisha kijijini, na kule ningewekwa ndani tena."

"Na bwana? Wewe napikia yeye siku zote hii?"

Alitazama upande wa dukani.

"Nilimpikia vizuri," alisema. "Lakini nilipenda kumwona akingoja."

Ba aliinamisha kichwa. Kutoka dukani tulisikia mkasi wa baba ukipasua kitambaa cha marekani, ukasimama, kisha ukaendelea.