Maana za "Pick Up" Nilizomfundisha Mama

Mama alianza kujifunza Kiingereza akiwa na miaka sitini na minane, pale kwake Gitothua, kwa sababu ya mjukuu mmoja. Dada yangu anaishi Marekani, na bintiye wa miaka tisa hajui Kiswahili wala Kikuyu. Mimi hufundisha Kiingereza shule moja ya Thika, basi kila Jumamosi nikawa mwalimu wa mama.

Neno lililomsumbua ni "pick up". Kuokota kitu. Kushika simu. Biashara kuchangamka. Mgonjwa kupata nafuu.

"Kwani hawa watu hawana maneno mengine?" aliniuliza, akikata sukuma wiki.

Siku moja mtoto alimwambia kwenye simu kwamba shosho, yaani bibi yake, akienda kuwatembelea, atam-pick up uwanja wa ndege. Mama akanigeukia. "Ataniinua? Na hiki kiuno changu?" Tulicheka mpaka mtoto naye akacheka, bila kujua tunacheka nini.

Hiyo safari haikuwa. Mama alishikwa na nimonia, akalazwa Thika. Siku ya nne daktari akaniambia, "She's picking up." Nikaamini. Jioni hiyo simu yangu ikalia, video, na jina la dada kwenye kioo. Nilijua ni mtoto. Mama alikuwa na mpira wa oksijeni puani, midomo imekauka. Akanyoosha mkono aipokee. Nikaona mtoto ataogopa. Nikaizima.

"Kesho, mama. Ukipata nguvu."

"Haya, baba," akasema. Alikuwa akiniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la babake.

Asubuhi nilipofika na uji kwenye thamosi, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka mpya.

Dada alikuja na bintiye kumzika mama. Baada ya mazishi, akina mama wakiosha sufuria nje, mtoto alinijia jikoni.

"Uncle, why didn't you pick up?"

Nikamwambia ukweli: shosho alitaka kuongea naye, mimi ndiye niliyekataa.

Hakulia. Akaenda kukaa na mamake.

Walirudi kwao Jumanne. Dada anasema amenisamehe. Mtoto, kila nikipiga, namsikia akitoka chumbani.